Mutisya wa Munge: Mpagazi Aliyerudi na Tezo Mkononi

Shuleni tulifundishwa kwamba kile unachopenda kufanya ukiwa na nafasi kinaitwa uraibu. Neno hilo hilo ndilo tunalomwekea jamaa aliyezama kwenye muguka mpaka macho yamekuwa mekundu. Mimi sioni kosa. Wote wawili wanatafuta kitu cha kufanya na mikono na mdomo ili siku iishe.

Na wewe unayesoma hapa najua siku zako ndefu. Kama unaishi huku Miritini, Jomvu, Mikindani au Magongo, unakumbuka vile mambo yalivyobadilika reli ya SGR ilipofika 2017. Mizigo ikapandishwa treni, na 2019 tukawa tunaona watu wakiandamana mjini kila wiki chini ya bango la Okoa Mombasa. Turnboi, makanika wa trela, kina mama wa vibanda vya chai kando ya yadi, wengi walijikuta nyumbani. Agizo la mizigo liliondolewa 2022, lakini kazi ikishaondoka hairudi kwa sababu tu karatasi imebadilishwa. Ndo maana kila mtu siku hizi ana uraibu mpya. Huyu anatengeneza mishumaa ya marashi, yule anafuma kofia za uzi, mwingine amerudi kwa bibi yake kujifunza kusuka ukili, kitu ambacho miaka kumi iliyopita angekiona cha ushamba. Mimi mwenyewe niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ikinishinda, na tangu hapo nimejaribu mambo manne au matano. Kwa hiyo sikucheki.

Lakini kabla hujanunua kifaa cha kwanza, hebu nikupe kisa cha mtu mmoja. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye kazi ya mikono aliyoizoea, alipojifunza kitu kipya katikati ya mabaya makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Anaitwa Mutisya wa Munge. Kama hujawahi kumsikia, kazi yake umeiona. Umeiona sana. Kila twiga wa mbao aliyewahi kusimama dirishani Mombasa, kila Mmasai mwembamba mwenye mkuki, kila jozi ya vijiko vya saladi vyenye kichwa cha swara, vyote vina ukoo na mikono ya mtu huyo.

Alikuwa Mkamba wa Wamunyu, Ukambani, upande ule wa Machakos unaoelekea Kitui. Kama hujafika, jua tu kwamba ni nchi kavu. Mvua ikija inakuja kwa hasira, isipokuja haiji kabisa. Watu wa nchi kama hiyo huwa hawategemei shamba peke yake. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu tangu kale, wakishuka mpaka pwani na pembe za ndovu karne ya 19, na wengine wakakaa moja kwa moja huku Rabai na bara ya Mombasa. Kwa hiyo jirani yako Mkamba wa Mariakani si mgeni wa juzi, usimfanyie hivyo.

Mutisya hakuanza kutoka sufuri. Hili nalisisitiza kwa sababu kisa chake mara nyingi husimuliwa kama vile alienda vitani hajui kushika kisu, akarudi msanii. La. Wakamba walichonga kabla ya yeye. Walichonga vigoda vya miguu mitatu, vingine vikipambwa kwa nyaya za shaba zilizogongwa ndani ya mbao moja moja kwa subira ya ajabu. Walichonga miko, mizinga ya nyuki, mishikio ya silaha, bakora za wazee, vikopo vya ugoro. Mutisya alikuwa mmoja wa watu hao wenye mkono mwepesi. Ila vitu vyote hivyo vilikuwa na kazi. Kigoda ni cha kukalia. Mwiko ni wa kusongea. Hakuna mtu Wamunyu aliyekaa akachonga twiga, manake twiga wa mbao ungemfanyia nini?

Kisha ikaja vita.

Vita vya Kwanza vya Dunia tunavisoma kama habari ya Ulaya, matope na bunduki za Wafaransa na Wajerumani. Lakini vilipiganwa hapa. Mwingereza alikuwa upande huu, Mjerumani upande wa Tanganyika, na mpaka ulikuwa pale Taveta na Vanga. Barabara hazikuwepo. Farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Basi mzigo wote wa jeshi, risasi, unga, mahema, hata mvinyo wa maafisa, ukabebwa na vichwa vya Waafrika. Jeshi la wapagazi likaundwa, likaitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukaligeuza ukalifanya Kariakoo. Ukienda soko la Kariakoo pale Dar es Salaam, au Kariokor Nairobi, unatembea juu ya kambi zao. Watu hununua nyanya hapo na hawana habari.

Kila mpagazi alibeba kama kilo 25, siku baada ya siku, mguu mtupu. Mwanzo watu walishawishiwa, halafu wakalazimishwa kwa sheria ya 1915, na kufikia 1917 machifu walikuwa wakipewa hesabu ya vichwa vya kutoa. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wengi wao kwa chakula kibaya na unga ambao haukuiva, zaidi kuliko waliokufa kwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe ya kikoloni, zaidi ya wapagazi 40,000 kutoka nchi hii hawakurudi. Hiyo ni hesabu ya wale walioandikwa. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu ya watu watatu wa vita hivyo, na mmoja wao ni mpagazi. Ukipita mwangalie.

Wapagazi wengi kutoka bara walishushwa kwa reli hadi Mombasa, wakatiwa melini kwenda Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Reli ile ya zamani si unaijua, inapita hapa hapa Miritini. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na tangu hapo mji ule ukawa bandari kubwa ya kushushia watu na mizigo ya vita.

Mutisya alikuwa miongoni mwa watu waliopelekwa Tanganyika. Na huko, katikati ya yote hayo, aliona watu wanachonga.

Hapa kisa kina njia mbili na watu hubishana. Ukiuliza mitaani, wengi watakuambia alijifunza kwa Wamakonde, wale wa nyanda za juu kando ya mto Ruvuma, wanaojulikana dunia nzima kwa mpingo. Waliofuatilia kwa karibu zaidi wanasema ni Wazaramo, wenyeji wa nchi inayozunguka Dar es Salaam. Mimi nakaa na hawa wa pili. Wapagazi walijazana Dar, na Uzaramo ulikuwa tayari na uchongaji wa muda mrefu: bakora zenye vichwa vya watu, nguzo za makaburi, na ile sanamu ndogo iitwayo mwana hiti anayopewa msichana aliye ndani ya unyago. Tena Wazungu walikuwa wameshaanza kununua kazi za watu hao. Umakonde nako vita vilifika, mwaka 1917 kulichafuka kweli kule Lindi, kwa hiyo wanaosema Wamakonde hawajatoka hewani. Lakini jina la Wamakonde limekuwa kubwa kiasi kwamba kila kinyago kinatupiwa wao. Mzaramo akisahaulika, basi tena.

Sasa alijifunza nini hasa? Fikiria na mimi. Tezo alikuwa anaijua. Kisu alikuwa anakijua. Kuchagua gogo lisilo na ufa alikuwa anajua. Naona kitu alichokipata kule kilikuwa wazo kuliko ufundi. Kwamba mbao inaweza kuwa mtu au mnyama, isikaliwe, isisongewe ugali, iwekwe tu itazamwe. Na kwamba kuna mtu atatoa pesa kwa ajili hiyo. Kwa Mkamba wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo. Hata leo ukimwambia babu yako kuna Mzungu atalipa noti kadhaa kwa kifaru asiyefanya kazi yoyote, atakuangalia mara mbili.

Unaona basi kwa nini nasema alikuwa anajifunza uraibu mpya juu ya ufundi wa zamani. Hakutupa alichokuja nacho. Alikigeuza upande.

Vita viliisha Novemba 1918, na waliopona wakarudi kwenye nchi iliyochoka. Mwaka huo mvua ilikuwa mbaya, na homa ya mafua iliyozunguka dunia ikafika mpaka vijijini. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya nyumba, na muda si mrefu kipande, kile kikasha cha chuma cha kuvaa shingoni chenye karatasi za kazi yako na alama za vidole. Serikali ilijua ilichokuwa ikifanya. Kodi inalipwa kwa pesa, na pesa iko kwenye shamba la mlowezi. Kijana wa Kiafrika hakuwa na njia nyingine ya kuipata ila kwenda kulima kahawa au katani ya mtu.

Mutisya akakaa Wamunyu akachonga.

Hapo ndipo ninapompenda mzee huyu. Sisemi alipigana na mkoloni, sitaki kumvisha joho lisilo lake. Alichonga vinyago na akawauzia Wazungu wale wale, maafisa, wamishonari, walowezi waliotaka kitu cha kupeleka kwao. Lakini kila kinyago kilichouzwa kilikuwa siku kadhaa ambazo mtu hakulazimika kumwinamia bwana shamba. Kazi ilifanyika chini ya mti wake, kwa saa zake, na akiona jua kali anahamia kivulini.

Kwanza ufundi ulibaki ndani ya nyumba. Aliwafundisha wanawe na jamaa zake wa karibu, na kwa muda familia iliushika kama siri. Usimlaumu. Na wewe ukigundua njia ya pesa leo utaiweka kwenye status? Lakini kuchonga si kitu cha kuficha. Tezo inasikika kijiji kizima, vipande vya mbao vinajaa uani, watoto wa jirani wanachungulia. Mmoja anajaribu, anaharibu gogo, anajaribu tena. Jamaa wakafundisha mashemeji, mashemeji wakafundisha marafiki, na Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji, kisha eneo zima.

Mutisya alifariki katika enzi hizo za ukoloni. Hakuona hoteli za ufuo wa Diani wala ndege za watalii. Hakuona chama wala duka.

Sasa ngoja nikueleze kilichofuata haraka haraka, manake maisha ya mtu kama huyu hayaishii kaburini. Mwaka 1938 serikali iliamua Wakamba wana ng'ombe wengi mno, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa bei ya kutupa. Maelfu ya watu wakafunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wiki kadhaa mpaka gavana akasikia. Nakutajia hili ujue pesa ilikotoka ilikuwa habari ya kufa na kupona. Ng'ombe anaweza kuchukuliwa. Mkono haupigwi mnada. Kisha vikaja Vita vya Pili, na Kenya ikajaa wanajeshi wa kigeni waliokuwa na mshahara na hamu ya kubeba kumbukumbu. Biashara ikalipuka. Vijana wa Kikamba wakawa wanatembeza vinyago Nairobi na Mombasa, wakavuka mipaka kuingia nchi jirani na magunia mgongoni, safari ndefu kama zile za babu zao wa pembe za ndovu. Kufikia miaka ya 1950 mchumi mmoja aitwaye Walter Elkan aliona jambo hili ni kubwa kiasi cha kuandikia utafiti, akachapisha 1958. Ni biashara iliyojijenga yenyewe. Hapakuwa na mradi wa serikali, hapakuwa na mfadhili, hapakuwa na semina ya siku tatu yenye soda na sambusa.

Na mwaka 1963, mwaka wa uhuru, wachongaji kama mia moja hivi waliokuwa Mombasa wakaungana wakaanzisha chama chao cha ushirika. Wapi? Changamwe. Yaani hapo tu.

Kama hujawahi kwenda, fanya hivi. Panda matatu Miritini, upite Jomvu na Mikindani, ushuke Changamwe ukate upande wa Port Reitz. Utasikia kabla hujaona: ko, ko, ko, tezo nyingi kwa pamoja, kila moja na mwendo wake. Ni vibanda vya makuti na mabati, watu wamekaa chini au juu ya vigogo, miguu imezikwa kwenye vipande vya mbao. Mchongaji hana meza. Gogo analishika kwa nyayo, analigeuza kwa vidole vya miguu, na tezo inashuka karibu na ngozi mpaka wewe ndo unavuta pumzi. Chama hiki kiliwahi kufikisha maelfu ya wanachama. Ukiingia dukani utaona vinyago vimepangwa rafu kwa rafu, na kila kimoja kina namba. Namba ni ya aliyekichonga. Kikiuzwa, chama kinakata asilimia yake, kinachobaki ni chake.

Gawanyo la kazi ni hili. Kwanza shoka au panga kutoa umbo kubwa. Kisha tezo, na hapo ndipo fundi na mwanafunzi wanatengana, manake tezo hairudishi ilichoondoa. Kisha patasi na kisu kwa macho, masikio na vidole. Kisha tupa, halafu msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, kazi ambayo mara nyingi wanapewa wanaoanza, au kina mama wanaolipwa kwa idadi. Mwisho ni nta au rangi ya viatu. Ndiyo, rangi ya viatu. Mpingo feki mwingi uliouziwa watalii ulikuwa mti wa kawaida uliopigwa kiwi nyeusi, na nakuambia hivyo ili siku ukinunua zawadi ulisugue kidogo kwa kidole chenye mate.

Kuna watu wanadharau kazi hii. Wenye elimu ya sanaa wana jina lake, sanaa ya uwanja wa ndege, yaani kitu kinachochongwa kwa mia mia ili mtalii akinunue dakika ya mwisho akikimbilia ndege. Kwa Changamwe hilo si hata tusi, ni anwani, manake uwanja wa ndege uko hapo hapo nyuma. Lakini tuseme ukweli, wana hoja. Ukiona twiga elfu wenye shingo moja unachoka. Ujasiri wa Mutisya wa kugeuza wazo, wengi hawakuurithi, walirithi twiga. Mmakonde alipopata soko kule Dar aliendelea kuchonga mashetani na watu waliopandana mpaka dunia ikashangaa. Mkamba alipopata soko aliuliza mteja anataka nini, akampa. Mimi sioni ni dhambi, kodi ya nyumba haisubiri upate maono. Ila kama utaingia kwenye kazi hii leo, usianze na twiga. Twiga tunao.

Kuna deni jingine kubwa zaidi kuliko la ubunifu, na hili linakuhusu hata kama hutashika tezo maishani. Ni miti. Wazee walichonga mpingo na muhuhu. Mpingo unakua polepole sana, unaweza kuzaliwa, ukaoa, ukazeeka, na ule uliouona mdogo bado haujafaa. Muhuhu ulikuwa tele kwenye misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, na ulivunwa mpaka ukawa wa kutafutwa. Wachongaji walikuwa wameshakuwa makumi ya maelfu Kenya nzima, na kila mmoja anahitaji gogo. Miaka ya 1990 mradi wa People and Plants, ulioendeshwa na WWF, UNESCO na bustani za Kew za Uingereza, ukaanza kuwashawishi wachongaji wahamie miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe uliozeeka, jakaranda.

Mwarobaini! Ule ule tunaochemsha majani yake tukiwa na homa. Pwani umejaa kila uani, ulikuja na watu kutoka Bara Hindi ukatuzoea, na ndani una mbao nyekundu nzuri tu. Mafundi wengine walikataa mwanzoni, wakasema mteja anataka mpingo na mti wa dawa hauna heshima. Wengine wakajaribu. Kwangu hilo ni jambo lile lile la Wamunyu 1918, mtu mwenye ufundi wa zamani anaombwa aushike upya. Waliokubali wana mbao mpaka leo.

Kilichoumiza kazi kuliko miti ni mteja. Agosti 1997 vurugu za Likoni ziliwatoa watalii pwani nzima. Wakarudi taratibu, halafu uchaguzi wa 2007 ukawaondoa tena. Kisha mashambulizi ya kigaidi na maonyo ya safari. Kisha korona 2020, mwaka ambao hapakuwa na ndege ya kupitisha mtu aliyesahau zawadi. Kila mara hayo yanapotokea, mchongaji anakuwa wa kwanza kukosa na wa mwisho kukumbukwa. Watoto wao wanaona. Ndo sababu ukipita vibandani leo utahesabu mvi nyingi. Mzee amekaa, kigoda cha mwanafunzi kando yake kiko tupu, au amekaliwa na mtalii anayepiga picha.

Hilo ndilo linaloniuma. Ufundi huu ulipitishwa mkono kwa mkono, kutoka kwa Mzaramo ambaye jina lake halikuandikwa hadi kwa Mutisya, kutoka kwake hadi kwa wanawe, mashemeji na majirani, hadi Changamwe. Hakuna kitabu cha mazoezi. Video zipo, ndiyo, lakini video haikuambii tezo ikae nyuzi ngapi juu ya nyuzi za mti, na haikupigi kofi la mkono unapokata kuelekea kidole chako. Kizazi kimoja tu kikiruka, itabidi mtu aende tena Uzaramo.

Kwa hiyo kama unatafuta kitu cha kufanya, na mishumaa imekuchosha, nenda ukakae pale. Nenda asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Ukifika msalimie mzee kwa adabu, usianze kupiga picha. Ukijua neno moja la Kikamba, tumia, ukikosa Kiswahili kinatosha, wengi wao wamezaliwa huku. Usimwambie unataka kujifunza siku ya kwanza. Omba msasa. Sugua. Siku ya tatu au ya nne atakuuliza mwenyewe unatafuta nini. Na usiende mikono mitupu, pakiti ya maziwa na majani ya chai hayajawahi kumkera mtu, na muda wake akikufundisha ni muda ambao hauzi, kwa hiyo muulize atataka umlipe vipi. Kuna wanaotaka pesa, kuna wanaotaka kazi ya msasa mpaka wakuamini.

Cha kuanzia ni mwiko. Wengine watakutajia kiboko kwa kuwa ana umbo rahisi, na ni kweli, kiboko ni gogo lenye masikio. Lakini mwiko utautumia, na ukiharibika mamako atausongea ugali hivyo hivyo. Tafuta tawi la mwarobaini nene kama mkono wa mtu mzima. Ukilikata, paka rangi ya mafuta au nta ncha zote mbili ili maji yasitoke kwa haraka, na uliache kivulini wiki kadhaa, usilianike juani, manake mti mbichi ukikaushwa kwa pupa hupasuka usiku ukiwa umelala, na sauti yake utadhani mtu amevunja dirisha. Ukiona nyufa ndogo ncha moja, kata hapo, kilichobaki bado kinafaa. Tezo usinunue mpya ya duka la vifaa. Ulizia pale pale vibandani, wao wenyewe wanajua nani anazifua kwa chuma kizuri, na mpini wake utauchonga wewe.